Macho Yabaki Kwenye Karatasi

Anayeanza kujifunza nota za piano hupewa kwanza majina. Katika mistari mitano ya nota za mkono wa kulia, ule wa chini kabisa ni E, nafasi iliyo juu yake ni F, mstari unaofuata ni G, na kuendelea hivyo hadi juu. Kisha hupewa sentensi ya kukariri ambayo kila neno lake linaanza na herufi ya mstari mmoja, sentensi nyingine kwa ajili ya nafasi, halafu mbili zaidi kwa ajili ya mkono wa kushoto. Anazikariri zote. Anakaa mbele ya piano, anaitazama nota ya kwanza, anahesabu mistari kutoka chini huku akinong'ona ile sentensi, anapata jina, anainama kutafuta kitufe, anakibonyeza, anainua macho, na hajui tena alikuwa amefika wapi.

Nimeona watu wenye kipaji wakiiacha piano hapo hapo, wakiamini kwamba nota si za watu kama wao. Inaniuma, maana hawakukosa akili wala bidii. Wamefundishwa nusu ya jambo, tena ile nusu ndogo. Majina ni ya lazima, sikatai. Lakini kinachomwezesha mtu kusoma muziki ni kuona umbali: nota hii imepanda au imeshuka kiasi gani kutoka kwenye ile iliyoitangulia. Anayeliona hilo, mkono wake unajua pa kwenda hata kabla hajataja jina lolote.

Mtoto anayejifunza kusoma huanza na ba, be, bi, bo, bu. Muda si mrefu haoni tena b na a peke yake. Analiona neno zima na kulitamka. Angebaki kwenye herufi moja moja, angefika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Ndivyo inavyomtokea anayesoma nota jina kwa jina. Kila nota kwake ni mwanzo mpya, haina uhusiano na iliyopita wala inayokuja, na wimbo hauwezi kusikika humo.

Historia ya mistari yenyewe inaunga mkono jambo hili, na kwangu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Kabla ya mistari, waimbaji wa kanisani huko Ulaya walikuwa na alama ndogo zilizoandikwa juu ya maneno ya wimbo. Zilionyesha kwamba hapa sauti inapanda, pale inashuka, lakini hazikusema inapanda kiasi gani. Kwa hiyo zilimfaa mtu aliyekwisha kuujua wimbo, zikamkumbusha. Asiyeujua alifundishwa kwa mdomo, wimbo mmoja mmoja, kwa miaka. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alizipanga alama hizo juu ya mistari na katika nafasi zilizo kati yake, kila mstari na kila nafasi ikiwa na sauti yake moja isiyobadilika. Mstari wa F aliupa rangi nyekundu, na mstari wa C rangi ya njano, ili jicho lipate pa kuanzia. Aliandika kwamba waimbaji waliokuwa wakihangaika miaka kumi bila kuijua kazi yao sawasawa, kwa njia yake wangeweza kuiva kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana. Papa Yohane XIX alipopata habari alimwita Roma, na inasimuliwa katika barua ya Guido mwenyewe kwamba Papa hakuinuka mpaka alipojifunza kuimba kipande ambacho hakuwahi kukisikia.

Hakuwahi kukisikia. Hilo ndilo jambo. Sauti ya mtu mwingine, aliye mbali au aliyekwisha kufariki, inamfikia msomaji kupitia karatasi tu, kwa sababu urefu wa sauti umegeuzwa kuwa urefu juu ya ukurasa. Piano yenyewe ilikuja baadaye sana: Bartolomeo Cristofori aliitengeneza huko Florence karibu na mwaka 1700. Mistari ilikuwa imeisubiri kwa karne karibu saba.

Zile rangi za Guido zimepotea, lakini kazi yake inaendelea kufanywa na funguo mbili tunazoziona mwanzoni mwa kila safu ya nota za piano. Ufunguo wa juu ni herufi G iliyorembwa na mikono ya waandishi wa karne nyingi. Kiini chake kinajikunja kuzunguka mstari wa pili kutoka chini, na mstari huo ndio G. Ufunguo wa chini ni herufi F. Vitone vyake viwili vimekaa juu na chini ya mstari wa nne kutoka chini, na mstari huo ndio F. Ukishajua hivyo, ufunguo unakuwa na maana. Unakuonyesha kwa kidole mahali pa kusimama.

Kati ya safu mbili, ile ya mistari mitano ya juu na ile ya mistari mitano ya chini, kuna nafasi ya mstari mmoja tu uliofichwa. Huandikwa kipande chake kifupi pale unapohitajika, na nota inayokaa juu yake ni C ya kati. Sasa pima: kutoka C ya kati kwenda juu hadi G ya ufunguo ni nota tano ukihesabu zote mbili za mwisho. Kutoka C ya kati kwenda chini hadi F ya ufunguo ni nota tano vilevile. Ukurasa wa piano una ulinganifu. C inayofuata kwenda juu iko katika nafasi ya pili kutoka juu ya safu ya juu. C inayofuata kwenda chini iko katika nafasi ya pili kutoka chini ya safu ya chini. Na ukienda mbali zaidi, C nyingine iko kwenye mstari wa pili wa nyongeza juu ya safu ya juu, na mwenzake kwenye mstari wa pili wa nyongeza chini ya safu ya chini. Hizo ni C tano, pamoja na G moja na F moja. Nota saba. Ningeanza na mtu yeyote leo, ningemwambia azijue hizo saba kama anavyoijua sura ya ndugu yake, asihesabu kabisa kuzifikia, halafu zile sentensi za kukariri aachane nazo. Nota nyingine zote ziko jirani na mojawapo ya hizi.

Kutoka hapo, kazi ni umbali. Nota ikitoka kwenye mstari ikaenda kwenye nafasi iliyo jirani, imepiga hatua moja. Kwenye piano ni kitufe cheupe kinachofuata, kidole kinachofuata. Ikitoka kwenye mstari ikaenda kwenye mstari unaofuata, au nafasi kwenda nafasi inayofuata, imeruka moja: huo ni umbali wa tatu, kwa kuwa tunahesabu zote, C, D, E. Mkono umeruka kidole kimoja. Ikiruka mstari mzima katikati, ni umbali wa tano, na mkono uliotulia juu ya vitufe vitano umetoka gumba hadi kidole cha mwisho. Kuna kanuni ndogo hapa ambayo ingefaa kufundishwa mapema zaidi kuliko inavyofundishwa: umbali wa tatu, wa tano na wa saba daima ni mstari kwa mstari au nafasi kwa nafasi. Umbali wa pili, wa nne, wa sita na wa nane daima ni mstari kwa nafasi. Jicho likizoea hilo halihesabu tena, linaona tu. Na kodi ya nota tatu, yaani nota tatu zinazopigwa kwa pamoja, ambayo kwa mbali inatisha inakuwa rahisi: nota tatu zilizobebana, zote kwenye mistari au zote kwenye nafasi, ni tatu juu ya tatu, na mkono unalijua umbo hilo kwa kufunguka tu. Taja nota ya chini peke yake, hizo mbili za juu zinafuata.

Wengi wetu tulikutana na muziki ulioandikwa kupitia solfa ya kwaya, na nimesikia ikisemwa kwamba mtu wa solfa itabidi asahau aliyoyajua ndipo ajifunze mistari. Si kweli hata kidogo. Majina mengi ya solfa yanatokana na huyo huyo Guido, aliyeyachukua kwenye silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane. Katika karne ya 19 Sarah Glover, na baada yake John Curwen, wote wa Uingereza, waliyageuza kuwa herufi tunazozijua, d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha za kutenganisha mapigo na kistari cha kurefusha sauti. Mtu aliyeimba kwa solfa miaka kadhaa anajua tayari kwamba kutoka d kwenda m kuna umbali fulani, na koo lake linaujua umbali huo bila kuulizwa. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, naye anayo. Kinachobaki ni kulifahamisha jicho. Kwenye karatasi ya solfa herufi zote zimelala katika kimo kimoja, d na l zimekaa sambamba kama vile sauti zao ziko sawa; kwenye mistari mitano unaona l iko juu kweli. Tofauti ya pili ni kwamba d ya solfa inahama kulingana na sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, lakini C ya piano haihami. Mwimbaji wa kwaya akikaa kwenye piano na wimbo wa d = C, anaweza kuimba solfa huku macho yakifuata mistari, na nimeona watu wakivuka daraja hilo kwa urahisi unaofurahisha.

Sasa mikono. Haiwezekani kusoma umbali kama macho yanashuka kwenye vitufe kila baada ya nota mbili. Kwa hiyo mkono lazima ujifunze kutafuta njia kwa kugusa, na piano imeundwa kwa namna inayoruhusu hivyo. Ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na vile vyeusi vimepangwa makundi ya viwili na vitatu, viwili na vitatu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kaa, tazama mbele, kisha upeleke mkono wa kulia polepole kuelekea nyuma ya vitufe mpaka ncha za vidole ziguse vyeusi. Telezesha kidogo kulia au kushoto hadi uhisi pengo pana, halafu viwili vilivyokaribiana, halafu pengo jingine. Weka kidole cha pili na cha tatu juu ya hivyo viwili. Ukishusha gumba kwenye cheupe kilichopakana na kile cheusi cha kushoto, upande wake wa kushoto, umekanyaga C. Kitufe kilichobanwa katikati ya vyeusi hivyo viwili ni D, na hakuna kitufe kisicho D kwenye piano nzima kinachohisika hivyo. Wapiga piano wasioona wamefanya kazi hii tangu zamani. Anayeanza naye ataiweza. Anahitaji tu kujizuia asitazame chini, na jambo hilo mwanzoni linakera kweli.

Ngoja nichukue kipande kimoja kidogo tukisome pamoja, nota kwa nota. Kina vipimo vinne, yaani visehemu vinne vilivyotenganishwa na mistari ya wima, kila kipimo mapigo manne. Mkono wa kulia: kipimo cha kwanza kina C ya kati, E, D, F, kila moja pigo moja. Cha pili kina E na G, mapigo mawili kila moja. Cha tatu kina F, D, E, C. Cha nne kina D na C, mapigo mawili kila moja.

Ukikisoma kwa majina, una nota kumi na mbili za kutambua. Ukikisoma kwa umbali, unatambua moja tu, C ya kati, iliyo kwenye mstari wake mfupi. Gumba linakaa hapo. Nota ya pili iko kwenye mstari unaofuata, basi ruka moja: kidole cha tatu. Ya tatu iko katika nafasi iliyo chini yake, hatua moja: kidole cha pili. Ya nne iko nafasi inayofuata juu, ruka moja: kidole cha nne. Kipimo cha pili kinaanza hatua moja chini, kisha kinaruka juu, mstari kwa mstari, na kidole cha mwisho kinapata kazi yake. Halafu tazama kipimo cha tatu. Shuka hatua, ruka moja chini, panda hatua, ruka moja chini. Umeliona? Ni umbo la kipimo cha kwanza limegeuzwa: kile kilipanda kwa kuruka na kurudi hatua, hiki kinashuka kwa kuruka na kurudi hatua. Kipimo cha nne kinapanda hatua moja na kurudi nyumbani. Kipande chote kina miondoko ya aina mbili tu, hatua na mruko wa tatu. Aliyekiandika alifikiri hivyo, kwa umbo na kioo chake, na msomaji anayeona umbo anayafikia mawazo yake. Anayesoma C, E, D, F hawezi kuyaona.

Mkono wa kushoto unashika C ya nafasi ya pili kutoka chini, kwa kidole cha mwisho, mapigo manne. Kipimo cha pili, C hiyo hiyo. Kipimo cha tatu, F kwa mapigo mawili, ile inayokaa kati ya vitone vya ufunguo, kisha C. Kipimo cha nne, G, nafasi ya juu kabisa ya safu ya chini, kisha C. Zote mbili, F na G, ziko karibu na alama ambayo jicho linaijua, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, tumia muda kuukagua ukurasa. Funguo ni zipi, maana mara nyingine mikono yote miwili huandikwa kwa ufunguo wa G. Kuna shapu au flati mwanzoni, yaani alama za kupandisha au kushusha nota kidogo? Mapigo mangapi kwa kipimo? Pagumu ni wapi? Kisha piga makofi mwendo mzima bila nota zozote, ukihesabu kwa sauti.

Juu ya mapigo ningependa kukazia, kwa sababu ninapomsikiliza mwanafunzi aliyekwama, mara nyingi nota anazijua; kilichomponyoka ni urefu wake. Nota nzima ina mapigo manne, nota nusu mawili, robo moja, thumni nusu ya pigo. Kugawanya huko hakuna ugumu kwenye karatasi, ila mwili ndio unaotakiwa kuelewa hilo, na mwili hujifunza kwa mdomo na mikono. Hesabu kwa sauti, si moyoni. Tuna bahati katika kuhesabu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, kila namba ina silabi mbili, kwa hiyo ukitamka kwa utulivu tayari umeligawa kila pigo katika thumni mbili zilizo sawa. Nota ya pigo moja na nusu, ile robo yenye nukta, inaanza kwenye mo-, inapita -ja, inapita mbi-, na thumni inayoifuata inaangukia -li. Piga makofi hayo hadi yawe mepesi, ndipo uongeze vitufe. Na alama za kimya zina urefu wake kamili kama nota. Pigo la kimya huhesabiwa kwa sauti ile ile, mikono ikiwa imetulia.

Kuna mahali umbali wa karatasi na umbali wa piano havilingani, na ni haki mwanafunzi aambiwe mapema. Mistari ilibuniwa kwa nota saba. Vitufe vyeusi havikupewa mistari yao. Huazima mstari au nafasi ya jirani na kuwekewa shapu au flati. Tena kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kitufe cheusi, kwa hiyo hatua mbili zinazoonekana sawa kwenye karatasi zinaweza kuwa moja nzima na nyingine nusu. Hili huwasumbua watu kinadharia kuliko linavyowasumbua vidoleni. Shapu zilizoandikwa mwanzoni mwa safu hufuata mpangilio usiobadilika, F, C, G, D, A, E, B, kwa hiyo ukiona moja tu unajua bila kuchungulia kwamba ni F, na kila F katika wimbo huo inakwenda kwenye kitufe cheusi kilicho kulia kwake. Uweke mkono tayari hivyo tangu mwanzo. Jicho linaendelea kusoma hatua na miruko kama kawaida, na mkono unajua kwamba katika wimbo huu F iko juu kidogo.

Mazoea kadhaa hukwamisha, nami sitayazungushia maneno. Herufi zilizoandikwa kwa penseli chini ya kila nota zifutwe. Jicho likipewa herufi na nota litachagua herufi daima, na mwaka mzima utapita nota zikiwa mapambo tu. Vibandiko vya majina kwenye vitufe vibanduliwe, kwa sababu vinayaita macho chini. Video zenye vipande vya rangi vinavyoshuka juu ya vitufe zina raha yake na zinamfikisha mtu kwenye wimbo anaoupenda kwa haraka, lakini zinamfundisha wimbo huo mmoja, na kesho wimbo mwingine utahitaji video nyingine. Namba za vidole zilizochapwa juu ya nota zinahitaji uangalifu pia: mkono ukiwa umetulia mahali pamoja, mwanafunzi anaweza kupiga ukurasa mzima kwa kufuata 1, 3, 2, 4 bila kusoma nota hata moja, na mwalimu asigundue.

Zoea gumu kuliko yote huwapata wenye sikio zuri. Wakipiga kipande mara nne, mkono umekikariri, na kuanzia hapo macho yako kwenye karatasi kwa heshima tu. Kukariri ni jambo jema lenye wakati wake, lakini si kusoma. Kwa hiyo mazoezi ya kusoma yatengwe na mazoezi ya wimbo unaouandaa. Wimbo wa kuandaa uwe mgumu kadiri unavyoweza kuubeba, ukae nao majuma. Kipande cha kusoma kiwe chepesi, chepesi hadi ukionee haya, kiwe kipya kila siku, kipigwe mara moja au mbili kisha kiachwe. Mwendo uwe wa polepole kiasi kwamba huna sababu ya kusimama. Na ukikosea, endelea. Anayerudi nyuma kusahihisha kila nota anajizoeza kusimama, na macho yake yanajifunza kutazama yaliyopita badala ya yanayokuja.

Kutazama yanayokuja, hapo ndipo usomaji unapokuwa usomaji. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Sloboda alichapisha jaribio rahisi na zuri: wanamuziki walisoma wimbo wasioujua, na katikati ya kupiga nota zikaondolewa ghafla mbele ya macho yao. Swali lilikuwa wataendelea kupiga nota ngapi sahihi baada ya hapo. Wasomaji wazuri walifika hadi nota saba hivi. Wale dhaifu walipata chache kuliko hizo. Mikono ilikuwa nyuma, macho yalikuwa mbele. Na hakuna anayeweza kubeba nota saba akilini kama majina saba yasiyohusiana huku akipiga nyingine. Anazibeba kama umbo moja au mawili, yale yale tuliyoyaona kwenye vipimo vyetu vinne. Unaweza kujizoeza leo: funika kwa kipande cha karatasi kipimo unachokipiga sasa, ili jicho lisiwe na budi ila kusogea kwenye kinachofuata. Anza na kipande chenye nota ndefu, zinazompa mtu nafasi ya kutazama mbele.

Louis Braille, Mfaransa asiyeona ambaye alipiga kinanda cha kanisa mjini Paris, alipochapisha maandishi yake ya nukta mwaka 1829 aliyakusudia kwa maneno na kwa muziki pia. Katika maandishi ya muziki ya Braille yanayotumika sasa, nota haina kimo kwenye karatasi, maana vidole vinasoma safu moja iliyonyooka. Nota zinazopigwa pamoja huandikwa hivi: moja hutajwa kwa jina, na nyingine huandikwa kwa alama za umbali wake kutoka kwa hiyo moja, tatu, tano, nane. Watu waliolazimika kuandika muziki upya bila macho walihifadhi kilicho cha lazima, na kilicho cha lazima kilikuwa umbali.

Ukishaweza kupiga kurasa nyepesi bila kusimama, tafuta mtu wa kupiga naye kwenye piano moja, mikono minne. Katika karne ya 19, kabla ya sauti kurekodiwa, familia nyingi za Ulaya ziliujua muziki wa okestra kwa njia hiyo tu, nyumbani, watu wawili kwenye kiti kimoja. Hakuna zoezi la kusoma linalolizidi hilo, kwa kuwa mwenzako hatakusubiri utafute jina la nota, na wimbo unaendelea ukiwa ndani yake au nje yake. Ukipotea kipimo kimoja, unaruka na kumkuta kwenye kinachofuata, ukihesabu kwa sauti. Omba sehemu ya chini mwanzoni. Mara nyingi ina nota ndefu na miruko ya tano na ya nane inayojirudia, na itakulazimisha kuufahamu ufunguo wa F, ule ambao karibu kila anayeanza huuchelewesha.